Kupandikizwa mbegu za mume: hukumu yake na mipaka yake

 

Ndugu msomaji, kila mwaka msimu wa korosho unapokaribia kwisha, na wakulima wa Newala na Masasi wakiisha kulipwa fedha zao za mnada, wapo wanandoa ambao fedha hiyo hawaitumii kuezekea nyumba wala kununulia pikipiki. Hupanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 600 kutoka Masasi, na majirani huagwa kwa maneno kwamba wanakwenda kumtazama mgonjwa. Mgonjwa ni wao wenyewe. Wameoana miaka mitano, minane, kumi, na katika nyumba yao hakijasikika kilio cha mtoto.

Maswali yanayonijia kuhusu jambo hili yamekuwa mengi, na aghalabu muulizaji husubiri kwanza watu watawanyike baada ya darsa. Anayeuliza mara nyingi ni mke. Mume huuliza kwa kumtuma rafiki. Wameambiwa na daktari kuwa mbegu za mume zitachukuliwa, zisafishwe maabara, kisha ziingizwe katika mfuko wa uzazi wa mke kwa mrija. Wanataka kujua: je, huku si kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu? Na mtoto atakayezaliwa, je, ni wa halali? Mzee mmoja wa Newala, aliyepata kuwa bwana mifugo, alisema mbele ya watu kwamba hayo ni yale yale ya uhimilishaji wa ng'ombe, na mwanadamu si ng'ombe. Katika kufananisha kazi mzee yule hakukosea, kwani njia zinakaribiana. Tofauti ni kwamba ng'ombe haulizwi nasaba wala eda, wala ndama hamrithi fahali. Mwanadamu huulizwa yote hayo, na hapo ndipo hukumu ilipo.

Tuanze na lile la kuingilia kazi ya Muumba. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa Yeye humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, huwachanganyia wengine, na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Basi utasa si laana, wala si alama ya dhambi iliyofichwa. Mama wa Waumini Bibi Aisha (R.A.) hakuzaa, na daraja yake inajulikana. Lakini aya hizo hazikumkataza mtu kutafuta. Nabii Zakariya (A.S.), mifupa yake ikiwa imedhoofu na mkewe akiwa tasa, aliomba, na katika Surat Al-Anbiyaa tunasoma kuwa Mola wake alimtengenezea mkewe. Nasi tumeamrishwa na Mtume (S.A.W.) kutafuta dawa, kwani hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila ya tiba yake. Ugumba ni maradhi kama mengine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa takriban mtu mmoja kati ya sita hukutana nao katika umri wake. Na kwa hesabu ya madaktari, wanandoa huhesabiwa kuwa na tatizo wakikaa miezi 12 wakikutana bila kinga na mimba isiingie. Mke akizidi miaka 35, huambiwa wasingoje zaidi ya miezi sita.

Sasa tueleze jambo lenyewe, maana wengi huchanganya mambo mawili. Liko lile la mtoto wa chupa, ambalo yai la mke hutolewa nje ya mwili, likakutanishwa na mbegu za mume katika chombo cha maabara, kisha kilichotungwa kikarejeshwa katika mfuko wa uzazi. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Kwa jirani zetu Kenya, watoto wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Hapa kwetu huduma hiyo hutolewa Dar es Salaam, kikiwemo kituo cha Kairuki kilichoko Bunju. Hilo ni jambo kubwa na gharama zake ni kubwa.

Tunalolizungumzia leo ni jepesi zaidi. Yai halitoki mwilini. Mke huweza kupewa vidonge vya kusaidia yai kupevuka, hupimwa kwa mashine ya kuona ndani ya tumbo hadi yai likaribie kutoka, na siku hiyo mume hutoa manii. Maabara huyaosha manii hayo, ikachagua mbegu zenye nguvu ya kwenda, na daktari akaziingiza kwa mrija mwembamba laini kupitia shingo ya kizazi. Kazi huchukua dakika chache, na mke hurudi nyumbani siku ile ile. Njia hii huwafaa wale ambao mbegu za mume ni chache kiasi au dhaifu, au yai la mke halitoki kwa mpango, au kuna udhuru unaozuia tendo la ndoa. Haimfai mwanamke ambaye mirija yake yote miwili imeziba, wala mume asiye na mbegu kabisa. Na wanandoa waelezwe ukweli kabla ya kuuza chochote: kwa mzunguko mmoja, wanaofanikiwa mara nyingi ni mmoja au wawili kati ya kumi. Madaktari hushauri kurudia mara tatu au nne. Kwa mtu wa Newala maana yake ni kurudi mjini tena na tena, au kukaa kwa ndugu Temeke wiki kadhaa akisubiri yai lipevuke. Fedha ya msimu mmoja inaweza kwisha kabla ya majibu kuja.

Je, jambo hili ni geni katika Fiqhi? Wengi hudhani ni geni, na hapa ningependa tukae kidogo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake Minhaj, ambacho masheikh wetu wa Kishafi'i wa Pwani wamekisomesha vizazi na vizazi, anapozungumzia eda ya mwanamke aliyeachwa anataja kuwa eda huwajibika kwa moja ya mambo mawili: kuingiliwa na mumewe, au manii ya mume kuingizwa katika utupu wake bila ya kuingiliwa. Zingatia, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka mia saba iliyopita, pasipo maabara wala mrija, wanavyuoni walikuwa wamelifikiria suala la manii kufika tumboni bila jimai, na wakalipa hukumu za ndoa: eda inawajibika, na nasaba inathibiti. Wafafanuzi wa kitabu hicho, kama Ibn Hajar al-Haytami na Ar-Ramli, wakaongeza sharti kwamba manii hayo yawe ya heshima, yaani yasiwe yametoka kwa njia ya haramu. Kwa hiyo mwanafunzi wa madrasa aliyefika mlango wa eda amekwisha kulipitia suala hili, ingawa huenda wakati ule aliliona kama mfano wa kufikirika tu.

Juu ya msingi huo ndipo wanavyuoni wa zama zetu walipojenga. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alitenganisha waziwazi kati ya mbegu za mume, ambazo hakuona ubaya nazo, na mbegu za mwanamume wa kando, ambazo alizihesabu kuwa ni uhalifu mkubwa. Sheikh Jad al-Haqq, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa yake ndefu Machi 1980, muda mfupi baada ya mtoto yule wa Oldham kuzaliwa. Kisha Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu likakutana Amman, Jordan, Oktoba 1986. Lilitazama njia saba zinazotumika, likaharamisha tano na kuruhusu mbili wakati wa haja: yai la mke na mbegu za mumewe zikutanishwe nje kisha zirejeshwe kwa mke huyo huyo, au mbegu za mume ziingizwe ndani ya mkewe. Zile tano zilizokataliwa zina kasoro moja inayozijumuisha, nayo ni kuingia kwa mtu wa tatu, awe mwenye mbegu, mwenye yai au mwenye tumbo.

Hapa patahojiwa: vipi kuhusu mke mwenza? Kwetu ndoa za wake wawili zipo, na swali hili limeulizwa. Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1984, liliwahi kuona kuwa mke mwenza anaweza kubeba mimba ya yai la mwenzake kwa kuwa mume ni mmoja. Mwaka uliofuata, 1985, likairudisha rai hiyo. Sababu ni kuwa yule mbebaji naye huenda akashika mimba yake mwenyewe kwa wakati ule ule, na hapo asijulikane nani mama wa nani. Naliona hili ni funzo zuri kwetu tunaopenda kung'ang'ania rai zetu. Pia msomaji anaweza kusikia kuwa nchini Iran, Ayatollah Khamenei alitoa fatwa mwaka 1999 yenye kuruhusu mbegu za mtu mwingine kwa masharti. Ni kweli ilitolewa, lakini wanavyuoni wa Kisunni hawakuifuata.

Nimesema mtu wa tatu, na hapa ndipo tulipo na mtihani wetu maalumu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nyanda hizi kwa asili huhesabu ukoo kwa kuukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye msemaji wake. Uislamu umeingia na nasaba ya baba imeshika, lakini fikra ya zamani haijaondoka, na ina uzuri wake: mtoto hakosi kwao hata baba akipotea. Ubaya wake huonekana katika jambo letu hili. Akikosekana mtoto, hutokea shangazi au bibi akamnong'oneza binti: "Mtoto ni wetu, mwanangu, baba yake atajua nini?" Mtafiti wa Kiholanzi, Trudie Gerrits, aliyefanya kazi miaka ya 1990 miongoni mwa Wamakua wa Montepuez, ng'ambo ya Mto Ruvuma, aliandika kuwa kutafuta mimba kwa mwanamume mwingine kulikuwa miongoni mwa njia ambazo wanawake wasiozaa walizijaribu, na kwamba wasiozaa waliachwa nje ya baadhi ya sherehe za kimila. Nani atasema kuwa ng'ambo hii ya mto hatuyajui hayo?

Zinaa kila mtu anaijua kuwa ni haramu. Hatari mpya ni kwamba maabara inaweza kuleta matokeo yale yale bila zinaa, na kwa hiyo ikaonekana safi. Mume mmoja alipimwa, akaambiwa hana mbegu hata moja. Akaja kwangu na pendekezo: "Sheikh, mdogo wangu yupo, ana watoto wanne. Damu yetu ni moja. Achukuliwe yeye, daktari ndiye atakayeweka, hakuna atakayemgusa mke wangu." Nilimwuliza, mdogo wako akifa leo, mtoto huyo atarithi mikorosho ya nani? Akanyamaza. Kwa dhahiri ya sheria mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, kwa hiyo ataandikwa wa kwake na kumrithi yeye, akiwapunguzia warithi wa haki fungu lao. Kwa baba aliyemzaa hatapata kitu. Mabinti wa mdogo wake, ambao watu watawadhania kuwa ni binamu anaoruhusiwa kuwaoa, kwa hakika ni dada zake. Ndugu wa mume ni ajinabii kwa mke wa kaka yake, na kuitwa damu moja hakubadilishi hilo. Wanavyuoni wamesema tendo hili haliiti adhabu ya zinaa, kwa kuwa hapakuwa na jimai, lakini katika kuchanganya nasaba halina tofauti nayo.

Wala tusidhani kuwa kuficha kutasaidia. Mwaka 1884, Philadelphia, Marekani, daktari aitwaye William Pancoast alimlaza mke wa mtu kwa dawa ya usingizi akamwingizia mbegu za mmoja wa wanafunzi wake wa udaktari. Mumewe hakuwa na mbegu. Mume aliambiwa baadaye, mke hakuambiwa kamwe. Habari ilitoka mwaka 1909, baada ya miaka 25, mmoja wa waliokuwepo alipoiandika katika jarida la madaktari. Siku hizi haihitajiki miaka 25, kwani kipimo cha vinasaba husema kila kitu.

Na yule ambaye tayari ana mtoto wa namna hiyo nyumbani? Mtoto hana dhambi yoyote, asinyanyaswe wala asiitwe majina. Wazazi watubu, na suala la nasaba na mirathi walipeleke kwa mwenye elimu kwa faragha, kabla mauti hayajawakuta.

Liko jambo jingine ambalo kwa maoni yangu linavunja ndoa nyingi zaidi kuliko maabara zote, nalo ni mume kukataa kupimwa. Mke hupelekwa kwa mganga wa kwanza, wa pili, wa tatu; hunyweshwa mizizi ya chango; huambiwa amefungwa na wifi yake; mwisho hupewa talaka. Muda wote huo mume hajawahi kukanyaga maabara, kwa hoja kwamba yeye ni mzima kwa kuwa anaweza tendo la ndoa. Ndugu zangu wanaume, nguvu na mbegu ni vitu viwili mbalimbali. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, sababu iko kwa mume peke yake au kwa wote wawili. Na kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote: hujizuia na tendo la ndoa siku mbili hadi saba, akatoa manii, yakahesabiwa chini ya hadubini. Mke ndiye mwenye vipimo vya maumivu, vya kupigwa picha mirija na kuchomwa sindano. Si uadilifu kumwanzishia yeye vipimo vizito wakati kile chepesi kimekataliwa. Kabla ya kufikiria Dar es Salaam, waende wote wawili Ndanda, au Mkomaindo, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, waulize pa kuanzia. Mara nyingine dawa ya maradhi ya zinaa yaliyokaa muda mrefu, au kujua tu siku za yai kutoka, hutosha.

Kwa waliokwisha kuamua, yapo ya kuangaliwa. Ndoa iwe hai siku mbegu zinapoingizwa. Mbegu zikihifadhiwa kwenye barafu, kisha mume akafa, au akaacha na eda ikaisha, haziwi tena za mume. Ni za mtu wa kando, na hazifai kutumika hata kama alizilipia. Kwa sababu hiyo wengine huona ni salama zaidi zisihifadhiwe kabisa ila kwa dharura. Manii yatolewe kwa njia ya halali, na mume akisaidiwa kwa mkono wa mkewe hakuna shaka yoyote. Hospitali zenye staha huwapa wanandoa chumba chao. Waombe bila kuona haya. Kuhusu stara, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipanga utaratibu mwaka 1993: atangulizwe daktari mwanamke Mwislamu, akikosekana mwanamke asiye Mwislamu anayeaminika, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume mwingine, na akiwa mwanamume, mume au maharimu awepo. Utupu usifunuliwe ila kwa kiasi cha kazi. Na kwa kuwa mrija huingia ndani, katika madhehebu yetu saumu huharibika, kwa hiyo mzunguko upangwe nje ya mchana wa Ramadhani.

Mume asitoke hospitali mara tu baada ya kutoa manii kwenda zake sokoni Kariakoo. Ashuhudie jina lake na la mkewe vikiandikwa kwenye chombo mbele yake, na yasomwe tena kabla ya mrija kuingizwa. Amuulize daktari kwa uwazi kama kituo hicho hutumia mbegu za wafadhili, na aseme kwa maandishi kuwa wao hawazitaki kwa hali yoyote, hata kama zake zitaonekana dhaifu siku hiyo. Kukosea chupa kumetokea katika nchi zilizoendelea kuliko sisi.

Wapo watakaojaribu yote haya wasipate. Kwao mlango wa kulea uko wazi, na kwa desturi ya kuukeni hapa kwetu ni jambo jepesi, kwani dada humpa dada yake mtoto bila maneno mengi. Surat Al-Ahzab imetukataza kumpa mtoto wa kulea nasaba isiyo yake, lakini haikukataza malezi. Na iko njia ambayo wengi hawaijui. Mwanamke asiyezaa akipata maziwa, na siku hizi madaktari wanaweza kuyaleta kwa dawa, akamnyonyesha mtoto huyo mara tano kamili kabla hajatimiza miaka miwili, katika madhehebu ya Imam Shafi'i anakuwa mama yake wa kunyonya, hata kama hajapata kushika mimba. Mtoto wa kiume aliyelelewa hivyo, akibaleghe, si ajinabii kwake. Hamrithi kwa fungu, ila anaweza kuusiwa hadi theluthi ya mali, mikorosho ikiwemo, na ataendelea kuitwa kwa jina la baba aliyemzaa, hata akikulia Newala na baba huyo akiwa Masasi.